Kimbunga, Mgandamizo na Mwendo: Istilahi za Hali ya Hewa Mbele ya Mtazamaji wa Kawaida

Kijiji cha Kerende, wilayani Tarime, kipo zaidi ya kilomita 800 kutoka Kisiwa cha Mafia. Hata hivyo, mwanzoni mwa mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa Bahari ya Hindi, palikuwapo vijana huko waliofuatilia mwendo wake kwa picha za setilaiti zilizopokewa katika simu. Hawakuwa wataalamu, walikuwa watazamaji tu, wakiwasomea wazee yaliyoandikwa chini ya picha. Makala haya yanakusudia kupima istilahi walizozitumia, kwani mengi waliyokosea hayakutokana na macho yao bali maneno waliyopewa.

Tuanze na lenye hatari kubwa kuliko yote: "mgandamizo mdogo wa hewa". Mzee mmoja alipolisikia aliuliza, "Ikiwa ni mdogo, watu wa pwani wanahamishwa kwa nini?" Swali lake ni la haki. Katika Kiswahili, kidogo hakitishi. Lakini katika elimu ya hewa mambo ni kinyume: kadiri kanieneo ya hewa inavyopungua katikati, ndivyo hewa ya pembeni inavyokimbilia kuziba pengo, na upepo ukazidi ukali. Istilahi hii basi yatuliza pale inapopasa kuonya.

Twapendekeza lugha irejee hazina yake yenyewe. Watu wa pwani husema maji yamepwa. Kwa nini tusiseme hewa imepwa, na mahali penyewe tukapaita "kitovu cha mpwo wa hewa"? Huenda ikasemwa kwamba Mkurya wa Kerende hajui kupwa wala kujaa. Ni kweli, lakini neno geni hufundishika, ilhali neno "mdogo" kila mtu adhani analijua, na hapo ndipo anapopotoka.

La pili ni "kasi". Taarifa ikisema kwamba kimbunga kipo kilomita 400 kutoka pwani, kikiwa na kasi ya kilomita 120 kwa saa, msikilizaji hugawanya hesabu na kusema kitafika baada ya saa tatu na ushei. Saa hizo zikipita bila ya kishindo, huiita taarifa uwongo. Kumbe kasi iliyotajwa ni ya upepo unaokizunguka kitovu. Kimbunga chenyewe husogea polepole, pengine kilomita 10 au 15 kwa saa. Yafaa taarifa zetu ziseme daima "kasi ya upepo" kwa jambo la kwanza, na "mwendo wa kimbunga" kwa la pili, wala zisiliache neno "kasi" peke yake.

La tatu ni "kimbunga" lenyewe. Kwa kanuni za Kusini-Magharibi mwa Bahari ya Hindi, jina hilo lastahili upepo unaofika kilomita 118 kwa saa. Chini ya hapo, kuanzia kilomita 63, ni dhoruba. Lakini magazeti yetu huita kimbunga hata upepo ulioezua madarasa mawili. Chamchela na kisulisuli tunazo; tuzitumie. Kimbunga kibakie kwa janga la namna ya lile la Aprili 1872, lililoangamiza mikarafuu ya Unguja na merikebu za Sultani Barghash, au lile la Lindi la Aprili 1952.

La mwisho ni "kupoteza nguvu". Hidaya ilitangazwa kupoteza nguvu tarehe 4 Mei, ilipofika Mafia. Maneno hayo yalikuwa sahihi kwa upepo; lakini mvua haikukoma, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika kwa mafuriko. Ingefaa kusemwa: "upepo umepungua, mvua ingalipo."

Huenda msomaji akauliza, ya bahari yamhusu nini mkulima wa Mara? Yamhusu. Kimbunga hakiwezi kufika Kerende, kwa kuwa hulishwa na joto la bahari na hufifia nchi kavu. Lakini huweza kugeuza njia za upepo uletao mvua. Mwaka 2019 masika yalichelewa katika sehemu kubwa za Afrika Mashariki, na wataalamu walikitaja Kimbunga Idai, kilichopiga Beira mwezi Machi, kuwa miongoni mwa sababu. Aliyekwisha kutupa mbegu ardhini alihitaji kuelewa habari hiyo.

Jina Hidaya kwa Kiswahili ni zawadi. Zawadi tuliyoachiwa ni funzo hili: picha ya setilaiti sasa inafika kila kijiji, na kilichobaki ni kuipatia maneno yasiyodanganya. Kazi hiyo si ya wataalamu wa hewa peke yao. Ni yetu sisi wa istilahi.