Kumwimbia Dalali wa Mahakama

Vijana watatu wanarudi nyumbani kutoka matembezi marefu, wamo garini, wanaimba. Wakifika wanakuta nyumba si yao tena. Benki yao imefilisika, na dalali wa mahakama anapita chumba hadi chumba akibandika karatasi kwenye kila samani. Wajerumani huiita karatasi hiyo Kuckuck, jina la ndege. Aliyewahi kuona kitanda cha jirani kikitolewa nje mchana kweupe anajua aibu ya saa hiyo. Lakini hawa watatu hawalii. Wanamzunguka dalali na kumbembeleza kwa wimbo, kwa adabu zote, kama watu wanaomposa binti yake. Dalali, ambaye Felix Bressart anamwigiza kwa uso mrefu wa mtu aliyechoka na kazi yake, anaanza kutekwa na mdundo, mguu kwanza, kisha mabega.

Ndivyo inavyoanza Die Drei von der Tankstelle, filamu ya Wilhelm Thiele iliyotengenezwa na kampuni ya Ufa. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin tarehe 15 Septemba 1930. Siku moja kabla yake Wajerumani walikuwa wamepiga kura, na chama cha Hitler kikaruka kutoka viti 12 bungeni hadi 107. Kazi zilikuwa zinakauka mjini. Ndani ya ukumbi wa sinema, vijana wale wanauza gari lao, wanafungua kituo cha mafuta kando ya barabara, na wote watatu wanampenda msichana mmoja anayekuja kujaza tangi, kila mmoja asijue habari za wenzake. Wapo wanaosema filamu za namna hii zilikuwa za kuwapumbaza watu wasione balaa. Siafikiani nao. Filamu hii haimfichi dalali. Inamtanguliza mlangoni, halafu inatuonyesha jinsi wasio na kitu wanavyoweza kumfanya acheze.

Ninazipenda filamu hizi kwa sababu wepesi wake ulipatikana kwa jasho. Sauti ilipoingia kwenye sinema, ilikuja kama mzigo. Mwaka 1929 Ufa walijenga kumbi nne za kurekodia kwenye studio zao za Babelsberg, zikapangwa kwa umbo la msalaba, kuta za matofali zisizo na dirisha, ili hata mlio wa gari la mbali usipenye. Kamera nayo ilikuwa na kelele zake, kwa hiyo ilifungiwa ndani ya kibanda pamoja na mpiga picha wake. Kamera ambayo miaka mitano tu nyuma, katika filamu Der letzte Mann ya mwongozaji Murnau, ilikuwa inatembea na kupanda na kushuka kama mtu, sasa ilisimama palepale. Waigizaji nao hawakuthubutu kwenda mbali na maikrofoni. Filamu nyingi za wakati ule, za nchi nyingi, zinachosha kwa sababu hiyo: watu wamesimama, wanasema.

Waliotoa kamera kifungoni ni watu wa muziki. Ukirekodi wimbo kwanza, kisha ukaupiga kwa spika wakati wa kupiga picha, huhitaji tena ukimya, na kamera inaweza kwenda popote wimbo unakokwenda. Matunda yake yamo katika Der Kongreß tanzt ya mwaka 1931, iliyoongozwa na Erik Charell. Hadithi yenyewe ni nyepesi kama unyoya: Vienna, wakati wa mkutano wa wafalme baada ya vita vya Napoleon, msichana muuza glavu anapendwa na mfalme wa Urusi. Siku moja gari la farasi linatumwa kumchukua. Anapanda, na badala ya kukaa anasimama, anaimba. Kamera ya Carl Hoffmann inakwenda naye. Anapita sokoni, na wauzaji wanaudaka wimbo. Wanajeshi wanaupokea. Mji unaisha, mashamba yanaanza, na wimbo bado unapokezwa kutoka mdomo hadi mdomo, mpaka nyumba aliyoandaliwa, mpaka kitandani anapojitupa akarushwa juu kama mtoto. Nimeitazama safari hiyo mara nyingi sana, na kila mara nasahau kwamba kuna mtu aliyeipanga.

Msichana huyo ni Lilian Harvey, aliyezaliwa London kwa mama Mwingereza na baba Mjerumani. Kutia sauti ya lugha nyingine juu ya filamu kulikuwa bado hakujakomaa, kwa hiyo filamu hii ilitengenezwa mara tatu, kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, na Harvey akaigiza zote tatu. Waigizaji wenzake wengi walibadilishwa, yeye akabaki. Furaha ile ya kwenye gari ilibidi iwe mpya kila lugha. Huo ni ufundi ambao hausifiwi vya kutosha.

Muziki ulikuwa wa Werner Richard Heymann, maneno ya Robert Gilbert, utayarishaji wa Erich Pommer, wale wale wa filamu ya kituo cha mafuta. Wote watatu walikuwa Wayahudi, na baada ya Hitler kushika madaraka mwaka 1933 wote waliondoka. Thiele aliondoka. Bressart, yule dalali, alifika hadi Hollywood. Kurt Gerron, aliyeigiza wakili katika filamu hiyo hiyo, alikimbilia Uholanzi, akakamatwa huko, na mwaka 1944 akauawa Auschwitz. Nikimwona sasa akitokea kwenye picha, na mwili wake mkubwa na sauti yake, nashindwa kucheka pale ninapopaswa kucheka.

Machi 1933 Berlin ilionyeshwa Liebelei ya Max Ophüls, filamu ya mapenzi na si ya kuchekesha, lakini imetoka katika shule ile ile ya kusikiliza. Fritz, ofisa kijana, anakwenda kupigana kwa bastola na mume wa mwanamke aliyewahi kuwa naye. Mume ana haki ya kupiga kwanza. Hatuonyeshwi pambano. Tupo na rafiki wa Fritz na mpenzi wa rafiki huyo, nao wanasikia mlio mmoja. Wanasubiri wa pili. Hauji. Fritz amekufa, na tumeambiwa na mlio ambao haukusikika.

Awali, Fritz na Christine, msichana anayempenda sasa, walikuwa wamepita msituni kwa gari la theluji, wakaapiana kupendana milele. Mwishoni, wote wawili wakiwa wamekufa, Ophüls anarudi msitu ule ule. Hakuna farasi, hakuna mtu. Kamera inapita taratibu juu ya theluji na miti, na sauti zao mbili zinaapa tena.

Mwaka huo huo Ophüls mwenyewe aliondoka kwenda Ufaransa, na katika nakala za Ujerumani jina lake lilifutwa.