Ufundi wa Kiwanja Kitupu

Katika hifadhi za wanyama nchini Kenya kuna kambi maalumu, na umaalumu wake ni kwamba haina kitu. Haina bomba, haina bafu, haina taa, na choo ni jembe ulilokuja nalo. Ni kiwanja tu chini ya miti, na kwa kawaida mgeni hukilipia zaidi ya kambi ya umma yenye vyoo, ili awe nacho peke yake. Asikiaye habari hiyo mara ya kwanza hudhani watu wameibiwa. Lakini waliolala huko hurudi, tena hurudi na wenzao.

Wakenya wengi wakisikia hifadhi huwaza KWS, lile shirika la taifa la wanyamapori. Wanasahau kwamba baadhi ya hifadhi zenye jina kubwa ni za kaunti. Maasai Mara, kilomita za mraba 1,510 hivi, iko chini ya Narok. Samburu iko chini ya kaunti yenye jina hilo, Buffalo Springs na Shaba chini ya Isiolo, Ziwa Bogoria chini ya Baringo. Kabla ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013, zilikuwa mikononi mwa mabaraza ya mitaa ya zamani. Ndani ya hifadhi hizi ufundi wa kupiga kambi pasipo kitu bado una walimu wake: madereva, wapishi wa safari na askari wa hifadhi.

Ufundi wenyewe huanza kabla hema halijashushwa garini. Chukua ukingo wa Ewaso Ng'iro, mto unaotenganisha Samburu na Buffalo Springs. Saa kumi alasiri jua bado linachoma, na macho ya mgeni yanakimbilia kivuli kipana kuliko vyote, cha mgunga. Dereva mzoefu hatazami kivuli, anatazama chini. Ardhi imetapakaa maganda ya mgunga yaliyojisokota, na hatua chache mbele kuna kinyesi cha tembo. Akikichambua kwa ncha ya kiatu anaona mbegu zilezile ndani yake. Kulaza watu hapo msimu wa maganda ni kuwalaza mezani pa tembo. Anasogea hadi kwenye mikoma, anatikisa kichwa: matunda yake ni magumu, huanguka bila hodi, na nyani huyafuata. Anasogea tena.

Kisha anafanya jambo ambalo mgeni haelewi. Anatazama matawi yaliyo kando ya maji, anatafuta takataka. Majani makavu na vijiti vilivyonasa kwenye matawi ni alama ya kimo ambacho mto ulifika ulipojaa. Alama ikiwa juu ya kichwa chake, anarudi nyuma, hata kama mandhari ya ukingoni yanapendeza namna gani. Si woga. Machi 2010 Ewaso Ng'iro ulifurika ghafla, ukasomba kambi kadhaa za watalii pamoja na kambi ya utafiti ya Save the Elephants. Mto huu hupata maji yake Mlima Kenya na Aberdare, hivyo unaweza kujaa huku anga ya Samburu ni kavu. Laga, yaani yale makorongo ya mchanga yasiyo na maji karibu mwaka mzima, ni mabaya zaidi: mchanga wake laini unakaribisha hema, na mvua iliyonyesha mbali hufika bila taarifa.

Kila hifadhi ina somo lake. Kando ya Mto Mara, somo ni kiboko. Yeye hutoka majini usiku kwenda malishoni na hurudi kwa njia ileile, iliyochimbika kwa nyayo za miaka. Anayefunga njia hiyo kwa hema asimlaumu mnyama.

Yanayobaki ni kazi ya nyumbani iliyohamishiwa porini, nayo haihitaji maelezo marefu. Chakula hulala garini, si hemani, na machungwa ndiyo ya kwanza kufungiwa, maana tembo huyanusa toka mbali. Viatu huingia ndani, la sivyo fisi atavichukua. Zipu hufungwa hata kukiwa na joto. Maji ya mtoni huchotwa kwa tahadhari ya mamba, kisha huchemshwa. Shimo la choo huchimbwa sentimita 15 hadi 20 kwenda chini, mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji, na hufukiwa vizuri. Kuhusu kuni, muulize askari kwanza. Si kila mti mkavu ni halali kuuwasha.

Huyo askari ndiye anayestahili sifa kuliko wote, na mara chache hutajwa. Mahali pengi mgeni wa kambi maalumu hutakiwa kumlipa akeshe naye. Watu hudhani kinachowalinda ni bunduki. Kinacholinda ni masikio. Tumbili akipiga kelele mtini, askari anatofautisha kelele ya chui na ya nyoka, naye hakuhitaji kufundishwa na mtu wa maabara. Watafiti waliofanya kazi Amboseli walichapisha mwaka 1980 uthibitisho kwamba tumbili wana mlio tofauti kwa chui, kwa tai na kwa nyoka.

Kaunti zinahitaji fedha, na hakuna anayebisha. Hoteli ya vitanda mia huleta mapato mengi kuliko mahema matatu. Hata hivyo, kiwanja kitupu kikipumzishwa msimu mmoja hufunikwa na nyasi, ilhali hoteli ya ukingoni haing'oki, na mto ukifurika inakuwa hasara ya watu wengi. Serikali za kaunti zingefanya vyema kuweka kwenye mipango yao viwanja ambavyo havitajengwa kamwe, zikavitaja kwa majina.

Kwa Mkenya anayetaka kuanza, Bogoria ni darasa jepesi kuliko Mara. Upande wa kusini kuna kambi ya mikuyu mikubwa yenye kijito cha maji baridi, jambo la ajabu kando ya ziwa la magadi na chemchemi zinazotokota. Ila maji ya ziwa yalipanda sana miaka ya 2010, na kufikia 2020 yalikuwa yamemeza sehemu ya barabara ya ufukweni. Uliza langoni kama njia inapitika, fika kabla ya saa tisa alasiri, na usisahau jembe.