Mji wa Wafanyabiashara Uwekwe Wapi?

Desemba iliyopita, siku zile ambazo barabara ya kutoka Kwa Sadala kupanda Masama hujaa magari ya watu wanaorudi nyumbani kwa Krismasi, kijana wa mdogo wangu alikuja kunisalimu. Baada ya shikamoo na chai alifungua kompyuta yake mezani, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Baba Mkubwa, wewe umefanya biashara miaka mingi. Kama ungekuwa mfalme, mji wa wafanyabiashara ungeuweka wapi?"

Nilidhani ananitania. Kumbe alikuwa anacheza mchezo uitwao Crusader Kings II, uliotengenezwa na kampuni ya Paradox ya Stockholm, Sweden, na kutolewa mwaka 2012. Mchezaji huwa mtawala wa zama za kati, huoa, huzaa, hupigana na hurithisha, mpaka mwaka 1453 ambapo mchezo hufikia mwisho. Mwaka 2013 iliongezwa sehemu ya jamhuri za wafanyabiashara, mfano wa Venice na Genoa. Mfalme mwenye akili anaweza kuanzisha jamhuri ya namna hiyo ndani ya himaya yake: humchukua meya wa mji ulio pwani, humpa jimbo zima alitawale, na tangu siku hiyo meya yule huwa mkuu wa jamhuri. Hujenga vituo vya biashara mwambao kwa mwambao, naye mfalme hupokea kodi.

Nilikaa na kijana jioni tatu mfululizo, nikitazama na kuuliza. Napenda kueleza hapa kile nilichokiona, maana nimezisoma hakiki nyingi za vitabu na tamthilia, lakini sijaona mtu wa rika langu akiuhakiki mchezo wa kompyuta kama kazi yenye fikra ndani yake. Mchezo huu unazo fikra, na baadhi yake ni nzuri kuliko za watu wengi wazima.

Kwanza niusifu. Mchezo unajua kwamba mfanyabiashara na askari hawatozwi kitu kimoja. Bwana wa ngome humletea mfalme watu wa vita. Mji wa biashara humletea fedha. Anayetaka vyote viwili kutoka kwa mtu mmoja hukosa vyote. Pili, mchezo unajua kwamba jamhuri haitawaliwi na ukoo mmoja. Zipo koo 5 kubwa zinazoshindana, na mkuu anapokufa, anayemfuata hupatikana kwa umri, kwa heshima, na kwa fedha alizotumia kutafuta kuungwa mkono. Mfalme aliyeuanzisha mji hana uwezo wa kumteua mtu wake. Jambo hilo lilinigusa, nami nitalirudia.

Kijana alikuwa na kanuni zake za kuchagua mahali. Mji uwe pwani, maana bila bahari hakuna jamhuri. Uwe mbali na makao makuu ya mfalme, ili vituo vyake visije vikaenea kwenye ardhi ambayo mfalme mwenyewe anaitegemea. Uwe katikati ya bahari mbili ukiwezekana. Usipewe jimbo la pili, maana atakayeshiba sana atasahau nani alimpikia. Nilimwambia kwamba kanuni hizo si mbaya, kisha nikamwomba anionyeshe Kilwa kwenye ramani.

Akaisogeza ramani kusini. Tukaipita Misri, tukaipita Nubia na Uhabeshi, tukafika Pembe ya Afrika, na hapo dunia ikaisha.

Hilo ni kosa langu la kwanza kwa mchezo huu, nami silitaji kwa kununa. Kila ramani lazima iishie mahali. Lakini kazi inayotaka kutufundisha jinsi miji ya biashara ilivyozaliwa katika zama hizo imekata ramani yake kabla ya kuufikia mji ambao ungekuwa mfano bora kuliko mingi. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa akausifu. Masultani wake walipiga sarafu zao za shaba. Karne hiyo hiyo ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane, ambalo magofu yake yanaonekana mpaka leo. Haya yote yalitokea ndani ya miaka ambayo mchezo unadai kuisimulia.

Na Kilwa haikuwekwa pale na mfalme aliyebonyeza kitufe. Ilikaa pale kwa sababu ya upepo. Majahazi ya Arabuni na India huja na kaskazi na kurudi na kusi. Nahodha aliyetaka kuja, kuuza, kununua na kurudi katika msimu mmoja hakuweza kwenda mbali sana kusini mwa Kilwa. Wakati huo dhahabu ilikuwa mbali zaidi, ikitoka nyanda za juu za Zimbabwe na kuteremshwa Sofala. Basi Kilwa ilikuwa mahali ambapo upepo wa wageni ulikoma na kazi ya wenyeji ya kuifuata dhahabu ilianza. Kijana alisikiliza kwa makini. Akasema katika mchezo hakuna upepo.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Mchezo huu unaitazama bandari kutoka baharini tu. Unahesabu mwambao, vituo na majengo. Haumwoni mchimba dhahabu, wala mpagazi, wala mwanamke aliyebeba mkungu kichwani.

Hapa niruhusu, msomaji, niteremke mpaka Kwa Sadala, ambako hakuna bahari. Jina lenyewe linasema ni kwa mtu fulani, kama zilivyo sehemu nyingi zilizoanza na mtu na baadaye zikawa za watu wote. Nilipokuwa mtoto mama alikuwa akiteremka na ndizi kutoka Masama, nami nikimfuata nyuma na mzigo wangu mdogo. Sikuelewa kwa nini watu wote wa mlimani walishuka mpaka pale, wala kwa nini watu wa tambarare walipanda mpaka pale, mahali ambapo jua ni kali na vumbi ni jingi. Nilikuja kuelewa ukubwani. Juu kuna migomba na kahawa. Chini kuna mahindi, maharage na mifugo. Wa juu hana mahindi ya kutosha na wa chini hana ndizi. Mahali wanapochoka wote wawili kwa kiasi sawa ndipo soko linapokaa. Halafu barabara kuu ya Moshi na Arusha ikapita hapo hapo, na lori likawa jahazi letu.

Mangi angeweza kuamuru soko liwe mahali pengine, na mahali pengine waliamuru. Lakini amri haiwezi kumtuma mwanamke kila juma, mwaka baada ya mwaka, mahali ambapo hapati anachokihitaji. Kwa hiyo ningeulizwa na watengenezaji wa mchezo, ningewashauri waongeze kipimo kimoja: nyuma ya mji huu kuna nani, naye anahitaji nini ambacho kwao hakipo? Sofala bila nyanda za juu ni mchanga na mikoko tu.

Kosa la tatu ndilo lililonifanya niandike. Katika mchezo, utii wa mtu ni namba. Unagusa picha yake unaona anakupenda kwa 23 au anakuchukia kwa 40. Ukimpa zawadi namba inapanda. Kijana alikuwa akiwatunza wakuu wa jamhuri zake kwa namna hiyo, akinionyesha kwa fahari jinsi walivyotulia.

Nikamsimulia kisa cha mwaka 1505. Mwezi Julai wa mwaka huo Francisco de Almeida, akiwa na merikebu za mfalme wa Ureno, aliuteka mji wa Kilwa. Sultani alikimbia. Wareno walitaka mtu wa kuwatawalia mji huku akiwalipa, wakamchagua Muhammad Ankoni, mzee tajiri wa pale pale, wakamvika taji. Kwa kanuni za mchezo chaguo lilikuwa zuri kabisa: mji wa pwani, mbali sana na Lisbon, mkononi mwa mtu anayejua biashara, na pembeni yake wakajenga ngome. Mwaka uliofuata Muhammad Ankoni aliuawa. Wareno walikuwa wamejitwalia biashara ya dhahabu, na wafanyabiashara wakauhama mji uliokuwa ukiishi kwayo. Mwaka 1512 Wareno wenyewe waliiacha ngome ile wakaondoka. Waliuchukua mji kwa ajili ya biashara yake, kisha wakamnyima mwenye mji biashara.

Walijaribu tena kaskazini. Malindi ilikuwa imewapokea tangu Vasco da Gama alipofika mwaka 1498. Mwaka 1593 walipoanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa, walimhamishia huko mtawala wa Malindi awe sultani chini yao. Mjukuu wa ukoo huo, Yusuf bin Hasan, walimchukua mtoto wakamlea Goa na kumbatiza. Kama ni zawadi, alipewa nyingi: elimu, jina, kiti cha enzi. Mwezi Agosti 1631 aliiteka ngome na kuwaua Wareno waliokuwemo. Ukimtazama kwa namba za kijana wetu, kuna mtu aliyetakiwa kupenda zaidi ya huyo?

Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Sasa kosa lao lilikuwa nini, Baba Mkubwa? Mahali au mtu?"

Hapo nilishindwa kujibu haraka, na sababu yake naijua mimi.

Mwaka 1989, katika enzi za ruksa, nilikuwa na duka Moshi mjini na mambo yalikuwa yakienda vizuri. Nikaamua kufungua tawi. Nilichagua Kwa Sadala kwa hesabu zile zile nilizoeleza hapo juu, na hesabu hazikukosea. Nilimweka mdogo wangu, baba wa huyu kijana. Nilimpa sukari, sabuni, mafuta ya taa na misumari, nikampa chumba cha nyuma alale. Kila Jumamosi jioni nilikwenda na daftari langu, nikahesabu mali, nikahesabu fedha, nikamwachia ya matumizi. Bei nilipanga mimi. Aliponiambia watu wa tambarare wanataka majembe na madawa ya mifugo, nilimwambia auze alichopewa. Aliponiambia kuna mama watatu wanaomba kukopeshwa mpaka kahawa ilipwe, nilikataa, ingawa wateja wangu mwenyewe mjini nilikuwa nikiwakopesha.

Mwaka 1993 alihama. Alipanga chumba upande wa pili wa barabara, akafungua duka lake, akauza majembe na madawa ya mifugo, akawakopesha wale mama. Duka langu lilifungwa baada ya miezi minane. Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba nilimtoa mdogo wangu shambani nikamfanya mtu, naye akanigeuka. Tumesalimiana misibani na harusini. Hatujakaa kula pamoja.

Sikumsimulia kijana haya. Nilimwambia tu kwamba labda mahali palikuwa sawa na mtu alikuwa sawa, ila kulikuwa na kitu cha tatu. Naye, akiwa ameinamia kioo chake, akasema bila kuniangalia:

"Baba huwa anasema mtu ukimpa duka usimpe daftari, hujampa kitu."

Sijui kama alijua anamwambia nani. Nadhani alijua.

Nikaikumbuka ile sehemu niliyoisifu mwanzoni, kwamba katika mchezo mfalme hana uwezo wa kumteua mkuu wa jamhuri, wala hapangi vituo vijengwe wapi. Hupokea kodi yake na kuwaacha wenye mji wapigane kampeni zao. Watengenezaji wale wa Sweden hawakuuona upepo wala hawakumwona mwanamke wa ndizi, na utii wameufanya namba. Lakini hili moja wameliweka mahali pake. Mji wa wafanyabiashara ni wako kwa sehemu moja tu, ile unayolipwa, na ukitaka sehemu ya pili utaipoteza na ya kwanza. Almeida hakulijua hilo, nami nilikuwa na umri wa miaka 36 na sikulijua.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mchezo huu ni mwalimu mzuri wa swali na mwalimu wa wastani wa jibu. Anayeucheza atajifunza kuuliza "wapi?", na hilo si dogo, maana wengi hufungua duka mahali jirani yao alipofungua. Lakini asidhani kwamba akishapata mahali amemaliza. Yapo maswali mawili nyuma yake: nani yuko nyuma ya mji, na daftari lipo mkononi mwa nani.

Kijana aliondoka tarehe 2 Januari kurudi chuoni. Nilimsindikiza mpaka Kwa Sadala kupanda basi. Lilipoondoka nilibaki nimesimama upande wangu wa barabara, mbele ya kile chumba ambacho sasa ni saluni. Ng'ambo mdogo wangu alikuwa ameketi mlangoni pa duka lake, miwani puani, anaandika.

Nilisubiri malori mawili yapite, nikavuka.