Kidole Kinachosikia

Alfajiri pale Tunduma, kabla foleni ya malori haijaanza kusogea kuelekea Nakonde, upande wa Zambia, utingo hushuka na kipande cha nondo, akalizunguka gari. Anagonga tairi moja baada ya jingine. Lenye upepo wa kutosha huirudisha nondo kwa mlio mkavu. Lililopungua hutoa kishindo kizito, kama umepiga gunia la mahindi. Hana geji mkononi. Anasikia, anapita. Nimesimama mara nyingi kuwatazama, na kila mara hukumbuka ufundi mwingine wa ukoo huohuo, unaofanyika wodini juu ya kifua cha mtoto.

Ni mtoto aliyezaliwa na kichwa kikubwa. Ubongo hutengeneza maji yake usiku na mchana, kwa mtu mzima kama nusu lita kwa siku, na mwili huyanywa wenyewe. Njia ikiziba, maji hulundikana na mifupa laini ya kichwa hutanuka. Wazazi wa huku Songwe huishika barabara ya TANZAM, Mbeya kwanza, wengine hadi taasisi ya MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900. Huko daktari wa upasuaji humwekea mrija: unaanzia ndani ya ubongo, unapitia valvu ndogo iliyofichwa chini ya ngozi ya kichwa, unateremka shingoni na kifuani, mara nyingi hadi tumboni, maji yakanyonywe huko.

Lipo tumbo lisilofaa: limepata maambukizi, au utumbo umegandana. Hapo mrija huweza kuishia kifuani, katika mwanya mwembamba kati ya pafu na mbavu. Lakini kila pumzi huvuta, na maji huvutika nayo. Utando wa pale ukizidiwa, na kwa watoto wadogo huzidiwa upesi, maji hujaa na kulibana pafu. Watu husema maji yameingia kwenye mapafu, ingawa yako nje, yamelizingira. Mtoto huhema mbiombio, mbavu zinabonyea, ziwa analiacha.

Hapo ndipo kidole kinapoanza kazi. Daktari hulaza kidole cha kati cha mkono wa kushoto kati ya mbavu mbili, kikagandamana na ngozi. Kile cha kulia amekikunja kama ndoana. Anagonga kiwiko kikiwa kimetulia, kifundo cha mkono pekee kikicheza, na kukiinua papo hapo, maana kikikawia kinauzima mlio wake chenyewe. Anahamia upande wa pili, mahali palepale, kwa kuwa upande mzima ndio kipimo cha upande mgonjwa. Mtoto akilia, anasubiri. "Mama, mshike hivyohivyo." Kisha anateremka ubavu kwa ubavu mpaka mlio unapokufa. Mara nyingi kidole kilicholala hujua kabla ya sikio: kifua kinakuwa kigumu chini yake kama jiwe. Anaweka alama ya kalamu. Maji yamefika hapo.

Ufundi huu uliandikwa Vienna mwaka 1761 na Leopold Auenbrugger, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni. Husimuliwa kwamba aliuonea kwenye mapipa ya mvinyo, yakigongwa ijulikane yamebaki kiasi gani. Naliamini simulizi hilo bila taabu. Mpaka leo nani anayefungua pipa la dizeli kabla ya kuligonga?

Eksirei au ultrasaundi huthibitisha, na lazima ithibitishe. Ndipo sindano inaingia, ikipita juu kidogo ya ubavu, kamwe si chini yake, kwa sababu kwenye ukingo wa chini wa kila ubavu hupita mishipa ya damu na ya fahamu. Maji yanayotoka ni maangavu kama ya chemchemi. Mrija wenyewe itabidi uhamishwe, na hiyo ni kazi ya siku nyingine. Kabla ya kuondoka kitandani, daktari anarudisha kidole kwenye alama ya kalamu na kugonga mara mbili. Panalia. Mama naye amesikia.