Kununua, Kukodi na "Kujisajili": Ila katika Istilahi za Muziki wa Kompyuta

Si desturi ya jarida la istilahi kupokea malalamiko ya wateja. Lakini lalamiko nililolisikia mjini Mbulu lilikuwa la lugha kabla ya kuwa la fedha, na kwa sababu hiyo naliweka mbele ya watafsiri na walimu wenzangu.

Mwalimu mmoja wa kwaya alizirekodi nyimbo zake na kuzihariri kwa programu ya kompyuta ambayo, kwa kauli yake, "aliinunua". Mwaka ulipokwisha, programu ikakataa kumfungulia kazi zake mpaka alipe tena. Akaenda kuitafuta risiti. Haikumfaa kitu, kwa kuwa alichokuwa amelipia ni ruhusa ya miezi 12. Tuliyasoma pamoja maandishi ya Kiswahili yaliyokuwa kwenye kioo: juu "Jisajili", chini "Nunua". Sikuona mahali ambapo mtu mwenye Kiswahili safi angetambua kwamba anakodi.

Yafaa kukumbuka ni wapi jambo hili lilitokea. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, watu wengi huanza na Kiiraqw, ambacho ni cha jamii ya lugha za Kikushi, au Kidatooga, ambacho ni cha Kiniloti. Na upande wa Yaeda wako wasemao Kihadza, lugha isiyothibitika kuwa na ndugu. Kiswahili hukutana nacho zaidi shuleni, kanisani, sokoni na ofisini. Mtu wa namna hiyo huliamini neno kama alivyofundishwa. Akiambiwa "nunua", hununua.

Chimbuko la kosa si uzembe mtupu. Watafsiri walipoiandaa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na baadaye kidogo Kiswahili cha Windows, programu ilikuwa ni kitu unachokipata mara moja, kwa bure au kwa fedha, ukakaa nacho. Maneno kama "sakinisha" na "hifadhi" yalitosheleza hali hiyo. Kisha biashara ikageuka. Mwaka 2013 kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake kuu yatapatikana kwa malipo ya kila mwezi au mwaka. Watengenezaji wa programu za muziki nao wakafuata njia hiyo mmoja mmoja. Machi 2023 kampuni ya Waves ilipotangaza kuacha kuuza leseni za kudumu, mafundi wa studio duniani walipiga kelele kiasi kwamba ilizirudisha baada ya siku chache. Ni kusema kwamba biashara ilibadilika na istilahi zetu zikabaki pale pale.

Neno lenye madhara makubwa ni "usajili". Kusajili ni kuandika jina katika orodha: tunasajili vizazi, magari, vyama vya ushirika. Mtumishi wa halmashauri analijua neno hilo vizuri, na anajua kwamba aliyesajiliwa hatozwi kila mwezi kwa kuwa jina lake limo daftarini. Sasa neno hilo hilo limebebeshwa mambo mawili, kufungua akaunti na kuahidi malipo yasiyokoma. Matokeo yake huonekana wakati wa kutoka. Mtu huifuta programu kwenye simu, akidhani usajili umekufa nayo, kumbe malipo yanaendelea.

"Pakua" nalo lina ila yake. Shehena ikipakuliwa iko nchi kavu. Chakula kikipakuliwa kiko sahanini, na hakuna atakayekirudisha chunguni. Spotify ilifunguliwa Tanzania mwaka 2021, na mwaka huo huo Kiswahili kikaingia miongoni mwa lugha za programu yake. Nyimbo ambazo msikilizaji anayelipia "amezipakua" humtaka aunganike na mtandao angalau mara moja kila siku 30, la sivyo hazichezi. Kwa mkazi wa Dar es Salaam hilo ni dogo. Kwa aliye bondeni, siku kadhaa mbali na mtandao wa kuaminika, chakula kimerudi chunguni. Huko kaseti bado ina heshima yake.

Wala si kwamba wenyeji hawa hawajui kutenganisha matumizi na umiliki. Mfugaji anayemwekea rafiki yake ng'ombe humwachia maziwa, lakini ng'ombe na ndama hubaki vya mwenyewe, na wote wawili wanajua. Katika Hanang tofauti hiyo iliwahi hata kufika mahakamani: kesi ya Kijiji cha Mulbadaw na NAFCO kuhusu ardhi ya mashamba ya ngano, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1985, ilihusu hasa ni nani mwenye haki gani. Dhana ipo tayari. Watafsiri ndio hawakuitafuta.

Napendekeza basi "kujisajili" libaki kwa akaunti peke yake. Kwa malipo ya kurudiarudia nilifikiria kwanza "kupanga", kama tupangavyo chumba, lakini katika muziki kupanga ni kazi ya mtunzi na mwalimu wa kwaya: kugawa sauti na ala. "Mpangaji wa muziki" angekuwa msanii na mdaiwa kwa wakati mmoja. Neno "kukodi" halina utata huo. Hukodiwa baiskeli, ukumbi, vipaza sauti vya harusi. Kitufe kiandikwe "Kodi kwa mwezi", na "Nunua" liachiwe kile kisichochukuliwa tena. Badala ya "pakua", pale ambapo faili hufungwa, "weka kwa muda" linatosha, ingawa halina utamu.

Limebaki jina la mtu mwenyewe. "Mkodishaji" limekwisha kushikwa na mwenye mali. Nachagua "mkodi", ijapokuwa nilipolijaribu Katesh mzee mmoja aliuliza kama ninazungumza juu ya mtoza kodi.