Skati kama Ujuzi: Uhakiki wa Kisa cha Karatasi Iliyoanguka

Uimbaji wa skati, yaani uimbaji wa jazi unaotumia silabi zisizounda maneno ili sauti ya mwimbaji ifanye kazi ya ala, huelezwa mara nyingi kwa kisa kimoja. Inasimuliwa kwamba Louis Armstrong, alipokuwa akirekodi "Heebie Jeebies" mjini Chicago tarehe 26 Februari 1926, aliangusha karatasi ya maneno, akalazimika kuziba pengo kwa silabi zilizomjia kinywani. Armstrong mwenyewe alikisimulia kisa hicho, nacho kimerudiwa mno. Athari yake katika uhakiki ni kuifanya skati ionekane kuwa zao la ajali na kipaji, kitu kisichoweza kufundishwa wala kuchambuliwa.

Ushahidi wa kihistoria hauungi mkono mtazamo huo. Cliff Edwards alikwisha kurekodi uimbaji wa aina hiyo kabla ya 1926. Aidha, Jelly Roll Morton, katika mahojiano yake na Alan Lomax kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 1938, alidai kwamba uimbaji huo ulitangulia rekodi ya Armstrong kwa miaka mingi. Morton hakuwa mtu wa kujinyima sifa, hivyo dai lake halina budi kupokewa kwa tahadhari. Lakini hata likipunguzwa nusu, karatasi iliyoanguka haiwezi kubaki kuwa chanzo.

Mfano wenye uzito zaidi ni wa Ella Fitzgerald. Alijiunga na okestra ya Chick Webb mwaka 1935, akaimba katika ukumbi wa Savoy, Harlem, na umaarufu wake wa miaka hiyo ulitokana hasa na nyimbo zenye maneno. Skati yake iliyokomaa inasikika katika "Flying Home" ya mwaka 1945, na baadaye "Oh, Lady Be Good!" ya 1947. Kati ya mwanzo huo na ukomavu huo imepita miaka kumi ya kusimama mbele ya wapiga tarumbeta na saksafoni usiku baada ya usiku. Fitzgerald mwenyewe alieleza kwamba alijaribu kufanya kile alichosikia ala za kupuliza zikifanya katika bendi ya Dizzy Gillespie. Kauli hiyo ni maelezo ya mbinu ya kujifunza, na inashangaza kwamba wahakiki wengi huipita kama unyenyekevu tu.

Mbinu hiyo inathibitika katika ngazi ya fonolojia. Konsonanti vipasuo, hususani /b/ na /d/, hufungua noti kama ulimi wa mpiga tarumbeta unavyoikata pumzi. Irabu /u/ huifunika sauti, ilhali /a/ huiachia. Ving'ong'o huifunga noti bila kuikatiza ghafla. Katika swingi, noti mbili zinazogawana pigo moja hazilingani: ya kwanza hurefushwa, ya pili hufupishwa, na mara nyingi mkazo huangukia hiyo fupi. Kwa hiyo silabi huteuliwa kwa kufuata mwendo huo. Mwanafunzi anayekusanya silabi kama msamiati, kisha akazitamka kwa uzito sawa, atakuwa na sauti zote za skati na asiwe na swingi hata kidogo. Anayeanza kwa kuimba neno kwa neno, au tuseme noti kwa noti, solo ya ala aliyoikariri hupata mwendo kwanza, silabi humfuata.

Hapa ndipo inapofaa kukataa pendekezo linaloweza kumjia mhakiki wa fasihi ya Kiswahili, la kuiainisha skati kuwa tanakali za sauti. Tanakali ina maana iliyokubalika miongoni mwa wazungumzaji: anayesikia "chubwi" anajua kuna kitu kimetumbukia majini. Silabi ya skati haina makubaliano hayo. Thamani yake hutokana na mahali ilipowekwa katika mizani, na ikihamishwa nusu pigo inakuwa kosa.

Cab Calloway, katika "Minnie the Moocher" ya 1931, aliligeuza jambo hili kuwa mchezo wa hadhara: yeye hutoa kishazi cha silabi, waitikiaji hukirudisha, na katika maonyesho vishazi vilizidi kurefuka na kupindika hadi waitikiaji wakashindwa. Kilichowaangusha ni mwendo. Silabi zenyewe mtoto angeweza kuzitamka.