Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mgeni Asiye na Maneno Yake katika Tamthilia ya Televisheni ya John from Cincinnati

Tamthilia ya televisheni ya John from Cincinnati, iliyobuniwa na David Milch pamoja na mwandishi wa riwaya Kem Nunn, ilianza kuoneshwa na kituo cha HBO nchini Marekani tarehe 10 Juni 2007. Ilifikia sehemu ya kumi, ambayo ndiyo ya mwisho, mwezi Agosti mwaka huohuo, na mara baada ya hapo kituo kikaamua isiendelee. Katika mapokezi yake swali moja lilitawala: huyu John ni nani? Je, ni malaika, Masihi aliyerudi, kiumbe kutoka sayari nyingine, au mgonjwa wa akili aliyepotea njia? Uhakiki huu unashikilia kwamba swali hilo, ingawa linaeleweka, linamfanya mtazamaji atafute jibu kwa mgeni ilhali tamthilia yenyewe imeliweka jibu kwa wenyeji.

Kisa kinatokea Imperial Beach, mji mdogo ulioko kusini mwa San Diego, katika pembe ya mwisho ya California kabla ya kuingia Meksiko. Mji huu hauna sifa za fahari zinazohusishwa na fukwe za jimbo hilo. Maji machafu ya Mto Tijuana humiminika baharini karibu nao, na mara nyingi ufuko hufungwa kwa sababu hiyo. Nunn alikuwa amekwisha kulitumia eneo hilo la mpakani katika riwaya yake ya Tijuana Straits (2004), hivyo uteuzi wa mandhari si wa bahati nasibu. Bahari inayowapa akina Yost jina na riziki ndiyo hiyohiyo iliyochafuka.

Familia hiyo ni ya vizazi vitatu vya wateleza-mawimbi. Babu, Mitch, alikuwa bingwa hadi goti lilipoharibika, na tangu hapo amekuwa mtu wa kujitenga, anayeteleza peke yake alfajiri na kuyadharau mashindano. Mwanawe Butchie aliubadilisha mchezo huo katika ujana wake, kisha akazama katika heroini na kuishia katika chumba cha moteli iliyochakaa. Mjukuu, Shaun, analelewa na babu na bibi yake, Cissy, kwa kuwa mama yake alimwacha akiwa mchanga na baba yake hawezi hata kujilea mwenyewe. Inafaa kutajwa kwamba Greyson Fletcher, anayemwigiza Shaun, anatoka katika familia ya namna hiyo: babu yake ni Herbie Fletcher na baba yake ni Christian Fletcher, mmoja wa waanzilishi wa mtindo wa kuruka hewani na ubao. Uigizaji wake ni mkavu, na mara nyingine unachosha, lakini mwili wake juu ya ubao hauigizi kitu chochote.

Asubuhi moja John anawasili katika familia hiyo.

Methali ya Kiswahili isemayo "mgeni njoo, mwenyeji apone" ina mantiki ambayo aghalabu haizingatiwi. Mgeni wa methali si tabibu, na haelezwi kuwa amebeba dawa. Mwenyeji anapona kwa sababu ujio wa mgeni unamlazimu atoe kilichokuwa kimefichwa ndani: kuku achinjwe, akiba ifunguliwe, na wanaonuniana waketi sinia moja. Uponyaji unatoka katika ghala la mwenyeji mwenyewe. Kwa mtazamo huo, usawiri wa John unaanza kueleweka. Kwanza, mifuko yake. Anapotakiwa fedha, anatia mkono mfukoni na fedha zipo. Mtu akihitaji simu, simu inapatikana. Hata hivyo, mfukoni hamtoki kitu ambacho hakikutajwa kwanza na mwingine. Pili, na hili ni zito zaidi, lugha yake. Ukiacha kauli chache anazokuja nazo, ikiwemo ile ya kutangaza kwamba mwisho umekaribia, John hana msamiati wake. Anarudia aliyoyasikia. Matusi ya Butchie, karipio la Cissy, utani wa mlangoni, vyote vinarudi kinywani mwake baada ya dakika au siku kadhaa, kwa sauti ileile isiyo na hasira wala kejeli. Aliyeyatamka anayasikia kwa mara ya kwanza.

Mbinu hii ndiyo mafanikio makubwa ya kazi hii kifani. Wahusika wa Milch, kama ilivyokuwa katika Deadwood (2004–2006), husema sana, na husema ili wasisikilizane. Mazungumzo ya nyumbani kwa akina Yost ni ya watu wanaojibu swali la jana kwa ghadhabu ya miaka kumi iliyopita. John anapoyarudisha maneno yao, ghadhabu ikiwa imeondolewa, kinachobaki ni maana. Kwa hiyo upuuzi unaodaiwa kuwamo katika kauli zake si upuuzi wake. Ni wa nyumba nzima.

Hapa ndipo kasuku anapopata nafasi. Bill Jacks, polisi mstaafu na mjane anayeishi na ndege wake na kuzungumza na marehemu mkewe, anamiliki kasuku aitwaye Zippy. Katika Kiswahili, kusema kama kasuku ni kusema bila kuelewa, na mtazamaji anayeijua lugha hii atauona uhusiano kati ya ndege huyo na John mapema zaidi kuliko wengine. Tamthilia inaipindua dharau hiyo. Katika sehemu ya kwanza Zippy anakutwa amekufa, naye Shaun anampapasa na ndege anarudiwa na uhai. Baadaye Shaun anavunjika shingo katika mashindano ambayo babu yake hakutaka ashiriki, na akiwa amelala hospitalini bila fahamu, Zippy anamgusa kwa mdomo naye anaamka mzima. Wanaodai kwamba muujiza huo ni njia ya mkato ya kuikwepa huzuni wanasahau tukio la kwanza. Mtoto ndiye aliyetangulia kutoa, na ndege amerejesha. Muujiza haukuletwa na mgeni. Ulikuwa umekwisha kuwekwa akiba ndani ya ukoo, kama methali inavyodai.

Nadharia ya Tzvetan Todorov kuhusu fantasia (1970) inafafanua utanzu huo kuwa wa kusitasita: msomaji na mhusika hawajui kama tukio lina maelezo ya kimaumbile au la. Nadharia hiyo inasaidia kwa kiasi kidogo tu katika kazi hii, kwa kuwa kusitasita kunakwisha haraka mno. Mitch anapojikuta ameelea juu ya ardhi katika sehemu ya kwanza, si kwamba haamini. Anaona aibu. Daktari aliyemtibu Shaun habishani na ushahidi. Anaacha kazi yake hospitalini. Dhana ya uhalisia-mazingaombwe, iliyozoeleka katika uhakiki wa Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi, inakaribia zaidi, ingawa nayo ina mpaka. Kwa Kezilahabi ulimwengu mzima umeacha kanuni zake, na msafiri ndiye mgeni ndani yake. Imperial Beach imebaki na kanuni zake zote, zikiwemo za bima, madeni na mikataba. Linc Stark, mfanyabiashara wa mchezo huo aliyechuma kwa mgongo wa Butchie na sasa anamtaka Shaun, anautazama muujiza na kuona kitu cha kuuzwa. Swali lake ni nani atakayemiliki picha. Huenda huyo ndiye mhusika pekee anayeishi katika uhalisia mtupu, na tamthilia haimchukii kiasi ambacho mtazamaji angetarajia.

Kuna tukio moja ambalo halikubaliani na hoja iliyotolewa hapo juu, nalo ni la Butchie. Baada ya kukutana na John, Butchie anaishiwa heroini na kuyasubiri maumivu ya kuacha dawa, yale ambayo waraibu wa pwani ya Afrika Mashariki huyaita arosto. Hayaji. Siku zinapita naye anashangaa kwamba hatetemeki wala hatapiki. Hapa mwenyeji hakutoa kitu ghalani, amepewa bure. Milch mwenyewe amekiri hadharani kuwa alikuwa mraibu wa heroini kwa miaka mingi, hivyo haiwezekani kusema kwamba mtunzi hakujua anachokiruka. Je, mtunzi anayeyajua maumivu hayo ana haki ya kuyafuta kwa mkono wa mgeni?

Pingamizi hilo lina uzito, na kwa mtazamaji aliyemuuguza ndugu katika hali hiyo linaweza kuwa sababu tosha ya kuiacha tamthilia. Hata hivyo, sehemu zinazofuata zinaonesha kwamba kuondolewa kwa maumivu hakumpi Butchie nafuu anayoitamani. Maumivu yalikuwa kisingizio chake. Maadamu alikuwa mgonjwa, hakuna aliyemdai awe baba. Sasa yu mzima, hakulipia uzima huo, na mwanawe amesimama mbele yake. Brian Van Holt anaiigiza hali hii kwa namna ya mtu aliyevuliwa koti kwenye baridi: mikono haina pa kukaa. Wema usio na gharama unamwacha bila utetezi. Hilo ni jambo zito kulisema kuhusu neema, na ni nadra kusemwa katika televisheni. Linabaki pia kuwa jambo ambalo mraibu wa kawaida hawezi kulitumia.

Kasoro iliyo kubwa zaidi iko kwa Cissy. Siri yake, kosa la kijinsia alilomtendea Butchie alipokuwa mvulana, mama akiwa amelewa dawa, ndiyo mzizi wa nyumba nzima, na Rebecca De Mornay anaibeba kwa ukali unaotisha. Siri hiyo inapotoka, tamthilia inashughulika na mateso ya aliyetenda kuliko ya aliyetendewa, kisha inahamia haraka kwenye moteli, kwa mshindi wa bahati nasibu aliyeinunua, kwa wauza dawa wa Hawaii waliokuja kudai deni na kugeuka kuwa walezi. Baadhi yao wanafurahisha. Wamechukua muda ambao mama na mwana walistahili. Mantiki ya methali ingedai kwamba kilichotolewa ghalani kiwekwe mezani na kutazamwa na wote. Hapa kimetolewa na kufunikwa tena.

Katika sehemu ya sita John anawahutubia karibu wahusika wote kwa pamoja uani mwa moteli, kwa maneno yaliyoshonwa kutoka vinywani mwao na kuchanganywa na mambo mapya ya duara na mstari, sifuri na moja. Ndiyo mara ya pekee anapoonekana kuwa na ujumbe wake, na ndipo anapodhoofika zaidi kisanaa. Kwa muda wa hotuba hiyo anakuwa kile ambacho watazamaji walimtaka awe, yaani nabii mwenye fumbo la kufumbuliwa. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kuwalaumu kwa kudai ufumbuzi.

Mazingira ya kuoneshwa hayakuisaidia. Sehemu ya kwanza ilitolewa usiku uleule, mara tu baada ya sehemu ya mwisho ya The Sopranos, iliyokatika ghafla katika kiza bila kumaliza kisa chake. Hadhira iliyonyimwa mwisho ilikabidhiwa papo hapo mgeni anayetangaza kwamba mwisho umekaribia, asiseme ni mwisho wa nini. Sehemu zote kumi zimepewa majina kwa kuhesabu siku za ziara yake. Siku ya pili, ile ya hospitali, imechukua sehemu mbili, hivyo sehemu ya kumi ni siku ya tisa. Shaun, aliyekuwa ametoweka pamoja na John, anarudi naye kutoka baharini juu ya ubao, na walio nchi kavu wanaingia majini kumpokea.